Chai ya Saa Kumi

Nakumbuka jinsi Mzee Arthur alivyokuwa akilamba midomo, mwanangu, na mpaka leo nikimimina chai picha hiyo hunijia.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Barking, huku ughaibuni. Meneja wetu alikuwa Mtanzania mwenzetu, Rehema. Ndiye aliyeniingiza kazini na kunishughulikia viza, na kila palipokuwa na msiba wa Mswahili yeye ndiye aliyesimamia masufuria. Sote tulimwita Dada. Hapo ndipo tulipokosea, maana meneja unaweza kumbishia, lakini dada yako utamwanzaje?

Wafanyakazi walipopungua, Dada akafuta chai ya saa kumi. Wazee wasinywe kitu mchana, akasema, ili tusihangaike kubadilisha nepi. Mzee Arthur, dereva wa basi enzi zake, hakuweza hata kunyanyua mkono. Alikuwa akilitazama sinki tu. Nikawa namnywesha kwa kujificha, nikagombezwa. Mwishowe akapelekwa hospitali, ulimi umekauka, hata kusema hawezi.

Nikamfuata Dada ofisini.

"Dada, wazee wana kiu. Turudishie ile chai."

"Upendo, mdogo wangu," akanijibu kwa upole, "wakaguzi wa serikali wanakuja wiki hii. Usituanike mbele ya wazungu. Wakifunga hapa, viza za wenzako zinakwenda na maji. Utawalisha wewe?"

Nikarudi kwa wazee wangu. Swali lake ninalo mpaka leo.

Mkaguzi aliponiuliza kama wazee wanapata vinywaji vya kutosha, niliwatazama wenzangu, wote wakainamia viatu vyao. Nikasema hapana, tumekatazwa.

Chai ikarudi. Mzee Arthur hakurudi. Dada aliondolewa, na mimi nikapunguziwa zamu mpaka zikaisha, nikaanza kuhangaika kutafuta mwajiri mwingine kabla viza haijafutwa. Hayo niliyatarajia.

Halafu mama yangu akafa, kule Tanga, nami nauli sina. Nikatangaza msiba kwenye grupu letu la simu, nikapika wali na maharage sufuria nzima, nikaazima viti kwa majirani. Alikuja mchungaji na mkewe, wakaomba, wakaangalia saa, wakaondoka. Watu niliokesha nao kwenye misiba yao hawakutuma hata pole, kisa nilimsema Dada. Nilikaa katikati ya viti vile nikilia, na sijui nilikuwa namlilia mama au nalia kwa hasira. Watu wananiambia niwasamehe. Sijasamehe, na sitakudanganya kwamba nimesamehe.

Sasa na wewe unaanza kazi kwenye nyumba kama ile. Sikuambii kwamba ukisema kweli utashukuriwa. Unaweza kupoteza kazi, na watu wako wakakuita msaliti. Hata hivyo, sema. Mwenye kiu mpe maji, na ukiulizwa, jibu. Mkubwa wako wa kazi mheshimu, lakini usimfanye dada wala kaka, ili siku ya kumkatalia usione unavunja undugu.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mabosi wenye huruma, na siku ukifiwa viti vyako vijae watu. Visipojaa, nipigie simu. Nitakuja, na sitaangalia saa.