Aliyezaliwa Baada ya Pacha

Harufu ya omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, walioanikwa juani hunirudisha kwetu Sori, ufuoni mwa ziwa hilo, miaka ya tisini, nilipokuwa msichana mdogo mwenye kijicho kikubwa. Niliwaonea wivu dada zangu pacha, Apiyo na Adongo. Kwetu Waluo, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Apiyo, wa pili Adongo, na mtoto anayekuja baada yao, hata aje na taji kichwani, huitwa Akello. Akello ndiye mimi. Chanda chema huvikwa pete, nao walivikwa kweli: mama aliwashonea magauni ya kitambaa kimoja, mimi nikaambulia blauzi ya vipande vilivyobaki, mkono mmoja rangi nyingine. Tukienda ziwani kuchota maji walinong'onezana wakicheka, nami nikafuata nyuma na ndoo yangu. Nilijiuliza, wasingezaliwa hao, ningekuwa nani?

Likizo moja nikaomba kwenda Rodi Kopany kwa shangazi, aliyeuza mitumba sokoni. Huko hakuna aliyewajua pacha. Siku ya kwanza tu, jirani yake muuza ndizi akaniuliza jina.

"Akello," nikajibu kwa madaha.

"Yawa, Akello! Na hao pacha umeacha wapi?"

Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto. Kila aliyesikia jina langu alitaka habari zao: wanafanana vipi, nani mtundu zaidi. Hakuna aliyeuliza mimi napenda nini. Nikajificha nyuma ya marobota ya nguo nikalia, hadi shangazi akanifuata.

"Sasa wewe unataka watu waite wewe nani?"

Nilijaribu kimoyomoyo majina yote niliyoyajua, kila moja likawa la mtu mwingine. Hilo liliniuma kuliko blauzi, kwa sababu hata peke yangu sikujijua.

Leo ninaishi Migori mjini. Pacha bado hupigiana simu kila asubuhi, mimi hukumbukwa Krismasi, na sitaficha, bado naona wivu. Binti yangu alipozaliwa alfajiri nilimwita Akinyi, jina la asubuhi, asije akawa mkia wa mtu. Juzi alirudi kutoka shuleni amenuna. Darasani mwao Akinyi wamejaa, mwalimu akiita wanasimama wote, lakini Akello hakuna hata mmoja.

"Mama," akasema huku machozi yakimlengalenga, "si ungezaa tu pacha kwanza, ndio mimi niitwe Akello?"