Nilipanda manemane uani Kolwezi, jirani akadhani nimefungua shimo la kobalti

Wakuu, heshima yenu.

Niko Kolwezi, Congo, upande wa Manika. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe. Naandika nikiwa nimechoka, mkiona nimeruka mahali mniulize.

Mama yangu alikuwa katekista tangu mimi sijazaliwa. Kila Noeli aliwafundisha watoto habari za mamajusi: dhahabu, uvumba, manemane.

Dhahabu alishaiona. Uvumba upo parokiani. Manemane hakuwahi hata kuinusa. Macho yake yalipopofuka hamu hiyo ikamshika kweli. Alitaka asikie harufu yake kabla hajafa, basi.

Mimi ni karani kwenye depo ya malori. Dereva mmoja Mkenya, wa kule kaskazini kwenye ukame, akaniambia kwao manemane ni kichaka tu cha miiba, ukikikata kinatoa utomvu wa kunukia. Safari iliyofuata akaniletea fimbo tatu ndani ya gunia. Unachomeka ardhini, inaota.

Kuchomeka ni rahisi. Shida ni mvua zetu. Huu ni mti wa jangwa, ukikaa kwenye maji unaoza. Fimbo mbili zilikwenda mvua za kwanza tu.

Ya tatu nikaipigania. Nikachimba shimo, nikatoa udongo wote mwekundu kwa magunia, nikajaza mchanga na kokoto. Mvua zikikaribia nasimamisha nguzo nne na kutandaza turubai juu. Kiangazi majani yote yanapukutika, inabaki miiba mitupu. Mara mbili mke wangu alitaka kuuvunja awashie mbabula, jiko letu la makaa. Alijua umekufa.

Wakuu wa huku kwetu mmeshajua nilipokosea.

Hapa watu wanachimba kobalti hata chini ya vitanda vyao. Ukionekana unatoa udongo kwa magunia, halafu unafunika mahali kwa turubai, nani ataamini ni bustani? Wachimbaji wanafunika mashimo yao hivyo hivyo. Jirani yangu Kazadi ni mchimbaji. Nilimweleza kabisa kwamba ule ni mti wa kwenye Biblia. Alicheka, akanipiga bega kama mtu aliyeambiwa siri.

Na mama naye haachi kuniomba.

"Mwana, ukate hata kidogo tu, nisikie."

"Ngoja kwanza, mama. Ungali mudogo."

Dereva alisema nisiujeruhi mpaka shina linenepe kama kifundo cha mkono. Nikalishika neno lake kama amri ya Mungu. Miaka minne namwambia mama angoje.

Jumapili moja ya Januari mimi na mke wangu tulikwenda misa, tukamwacha mama amelala. Tuliporudi, turubai liko chini. Kazadi yuko ndani ya shimo, limemfika kiunoni, sururu mkononi. Kichaka changu amekitupa pembeni, mizizi imekatika, shina limepasuka linatoa utomvu.

Nilikaa chini pale pale na suruali yangu ya kanisani.

Kazadi aliangalia mchanga, akaangalia udongo, akaniangalia mimi. Aibu ikamshika.

"Utusamehe, tata. Mi nilizania uko na minerai ya kobalti. Nani anawekaka bâche juu ya muti?"

Mama akaita kutoka ndani kuuliza kuna nini. Kazadi akaingia kumwomba radhi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono, na yake yote imenata ule utomvu.

Mama akaivuta mikono ya Kazadi mpaka puani.

"Ni hii?"

"Ndiyo, mama," nikajibu mimi mlangoni.

Akanusa tena.

"Ah! Iko kali sawa dawa! Myaka yote mi naambiaka batoto iko mutamu!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kazadi naye akacheka huku analia. Mama hakumwachia mikono mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki mvua za mwaka ule hazijaisha. Kichaka nilikirudishia mchangani, hakikushika.

Watu wananiuliza kwa nini sikumshtaki Kazadi. Nimshtaki kwa lipi? Kisu kilikuwa jikoni kwangu miaka yote minne. Mkwaruzo mmoja mdogo usingeua ule mti. Niliulinda mti kuliko mtu niliyempandia, na mwishowe mvamizi ndiye aliyempa mama yangu kitu ambacho mimi mwanawe nilimnyima.

Nilichojifunza ni hicho tu, na kinaniuma mpaka leo.

Kama nyumbani kwako kuna mzee anakuomba kitu kidogo na wewe unamwambia angoje, funga huu uzi kwanza, nenda kampe. Ukirudi utanikuta hapa. Hata wa kunisema, semeni, nimekaa nawasikiliza.