Bibi Aliyemuuliza Mpigaji

Kwenye dirisha la wakala wa laini, Mugumu, simu ya bibi aliyekuwa mbele yangu iliita, akapokea spika ikiwa wazi. Mpigaji akasema anatoka kampuni ya simu, atajiwe tarakimu alizomtumia, la sivyo laini itafungwa.

"Mtajie tu, bibi," afisa mmoja mwenye tai, aliyesubiri kando yake dirishani, akadakia. "Hao ndio wenye mtandao!"

Bibi akamuuliza mpigaji: "Jana nilimpigia nani?"

Simu ikakatwa.

Mimi niliishia kidato cha pili, lakini najua simu na mnara hupimana kwa swali jipya bila kutaja siri, kama alivyofanya bibi, ndipo hutengeneza ufunguo wa kulinda mazungumzo hayo pekee. Msomi wetu mwenye tai hakujua.

"Shida yako, bosi?" wakala akamuuliza.

"Kumbe laini yangu imeibwa," akanong'ona. "Jana nami niliwatajia tarakimu."