Muhula Mmoja wa Taaluma Mseto

Watu wakiniuliza nilisomea nini, nachoka kabla sijajibu. Uzamili wa taaluma mseto. Mama yangu, huko Butiama, aliposikia "mseto" aliuliza kama ni mambo ya wali na choroko. Mwalimu mwenzangu akaniambia mtaka yote hukosa yote, akaenda zake kunywa chai. Nilimcheka. Nafundisha historia hapa Musoma, na nilikuwa nimechoka kufundisha ziwa kana kwamba halina nyimbo, wala samaki, wala wenyewe. Kwenye shahada hii nilitakiwa kuchukua masomo ya idara tatu, niwe na wasimamizi wawili wa fani tofauti, halafu niandike kazi moja ya mwisho inayoyafunga yote pamoja. Nilitaka sana. Sioni aibu kusema, nilitaka sana.

Masharti hayo ningeyaweza nikiwa nyumbani Kigera, kwa simu na kompyuta. Moja tu ndilo lililogoma: muhula mzima lazima ukae chuoni, Dar es Salaam, ili watu wa fani mbalimbali wabishane wakitazamana usoni. Na mimi nilikuwa na binti ambaye hajafikisha miaka mitatu. Baba yake yuko kazini Ukerewe, anavukaga kwa kivuko cha Kisorya mwisho wa mwezi tu. Mama akasema lete mtoto, kwani wewe nani alikulea? Nikampeleka.

Darasani, jamani, nilifurahi. Palikuwa na nesi, mhasibu, na padri mmoja mbishi kuliko sisi wote. Tulikuwa tunabishania mvua na mashairi mpaka chai inapoa. Lakini jioni nikishika simu, moyo ulikuwa unanitoka. Nilikuwa na kigauni cha binti yangu kwenye begi, nakinusa kabla ya kulala, na harufu yake ikaisha muhula haujafika hata nusu.

Mwanzoni tulikuwa tunaongea. Baadaye akawa ananijibu kwa Kizanaki kitupu, nikacheka, nikajivunia. Siku moja akapokea yeye mwenyewe. Nikamsikia akimwita bibi yake, kwa Kizanaki hichohicho: "Mama, mwalimu anapiga."

Kosa halikuwa lake. Tangu niajiriwe, mama hajawahi kuniita jina langu. Butiama neno "mwalimu" lina mwenyewe, Baba wa Taifa, kila mtu anajua, lakini mama alinikatia na mimi kipande: mwalimu amefika, mwalimu amekula? Mtoto alisikia hivyo, akashika hivyo.

Muhula ulipoisha nilishuka Bunda, nikaunganisha gari, nikafika kwa mama mchana. Binti yangu akasimama wima, mikono nyuma, akaniamkia: "Shikamoo mwalimu." Nilimkumbatia kwa nguvu. Alinivumilia.

Kesho yake nikaanza kupanga nguo zake kwenye begi ili twende Kigera. Akaja kunisaidia kukunja, akiniuliza kama kwetu ni mbali. Hapo mama akashindwa kunyamaza.

"Huyu ndiye mama yako. Alienda kusoma, sasa amerudi."

Mtoto akanitazama vizuri, kisha akamgeukia bibi yake. "Sasa wewe ni nani?"

Mama aliketi kitandani, akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikajua kilio hicho si cha kwangu peke yangu. Nikazitoa nguo begini, nikazirudisha zilipokuwa. Mtoto hang'olewi kama muhogo. Tukakubaliana niwe nakuja kila Jumamosi, anizoee taratibu, na mimi huku niandike ile kazi ya mwisho ya kuunganisha yote.

Walinisindikiza mpaka barabarani, yeye kashika mkono wa bibi yake. Gari lilipofika nikainama nimbusu. Akanipa mkono kwa adabu, jinsi alivyofundishwa.

"Karibu tena, mwalimu," akasema.