Mlango wa Kuzuia Kelele

Wakazi wote wa mtaa, wenye nyumba na wapangaji, wenye masikio na wasiosikia la mtu, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba utulivu umepatikana rasmi. Ni wa chuma kizito, una bawaba nene na kufuli, na umepakwa rangi ya kijivu. Aliyeutengeneza ni yule yule aliyeshtakiwa kwa kuuvuruga.

Tunamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na mashati yake yote yana matundu kifuani kama chujio la chai. Amezoea kusema akishindana na mashine, kwa hiyo akimnong'oneza mkewe jambo, jirani wa nyumba ya tatu hujibu. Karakana yake ni nguzo nne na mabati juu. Basi. Upepo huingia upande autakao na kutoka bila kuaga.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta mrefu, anakaa mkurugenzi mstaafu. Enzi za kazi aliondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo hakujua kama mtaa wake una watu. Alipostaafu akaketi sebuleni, akafungua gazeti, na grainda ya Cheche ikaanza kula chuma. Mzee akadai moyo unamruka. Jenereta lake mwenyewe likiwashwa, sufuria za majirani hucheza ngoma rafuni, lakini hiyo si kelele. Huo ni umeme.

Akamwita mwenyekiti wa mtaa. Sasa, mwenyekiti huyu alikuwa amewahi kutatua kesi moja tu ya kelele maishani mwake: aliiamuru baa ya kona ya pili iweke mlango mzito wa chuma, muziki ukabaki ndani, watu wakampigia makofi. Tangu siku hiyo alikuwa akiomba kelele nyingine itokee.

Kikao kikafanyika sebuleni kwa mkurugenzi, madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, ili wajumbe wasisumbuliwe na kile walichokuja kukijadili.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "utaweka mlango mzito wa chuma, na ukifanya kazi uwe umefungwa. Mwezi ukiisha mlango haupo, unahama pale."

"Sawa, mwenyekiti, ila pale kwangu..."

"Hakuna cha ila!"

"Nilitaka kusema tu, pale hakuna..."

"Kaa chini, kijana," mkurugenzi akasema. "Unapiga kelele."

Nyumbani kwa Cheche, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Baba watoto, huo mlango utaning'inia wapi? Hewani?"

"Ndicho nilichotaka kuwaambia."

"Na tukihamishwa? Wateja wote wanatujua hapa hapa. Kule njia panda mafundi wanagombania hata kivuli. Watoto watakula nini, cheche?" Akafikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka. "Basi wape walichoagiza. Usiwaongezee hata skrubu."

Mlango wa namna ile hautengenezwi kwa kubembelezwa. Mtaa haukuwahi kusikia kelele za kiasi kile. Chuma kilikatwa, kikagongwa, kikasuguliwa, kikagongwa tena. Mwishowe mkurugenzi akavuka barabara na kandambili zake, vidole masikioni, macho ameyafumba kwa kuogopa cheche.

"Wewe! Kelele gani hizi?"

"Shikamoo, mzee. Ni ule mlango."

"Mlango gani?"

"Wa kuzuia kelele."

Mzee akachomoa kidole kimoja sikioni. "Huwezi kuutengeneza polepole?"

"Naweza. Ila polepole ni kelele hizi hizi, zinachelewa tu kuisha."

Mkurugenzi akapima jambo hilo kwa uzito aliokuwa akipimia mambo makubwa ofisini. "Basi harakisha," akaamuru, na Cheche akawasha mashine ya pili.

Mwezi haujaisha, mlango ukasimama kwenye fremu yake, baina ya nguzo mbili za mbele, unang'aa. Mwenyekiti akaja kuuzindua na nusu ya mtaa nyuma yake. Akabisha hodi. Cheche akamfungulia. Wakati wanapeana mikono mlangoni, mke wa fundi akapita pembeni na kiti cha mgeni rasmi.

"Fundi ametii!" mwenyekiti akatangaza, kifua mbele. "Kuanzia leo asiguswe na mtu, karakana ni hapa hapa!" Watu wakapiga vigelegele. "Haya, fundi, funga mlango ufanye kazi, tuusikie utulivu."

Cheche akafunga kwa kufuli, akawasha grainda. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mwenyekiti akaupapasa mlango, akauzunguka, akajikuta ndani uso kwa uso na fundi. Akazunguka tena, akajikuta nje. Watu walikuwa wameshika mbavu, na yeye hakuweza tena kumfukuza fundi, kwa kuwa alikuwa ameshatangaza mbele yao kwamba abaki.

Mkurugenzi hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, aliitazama karakana yenyewe: mbele, nyuma, kulia, kushoto.

"Fundi!" akapaza sauti. "Kuta ziko wapi?"

Cheche akazima mashine, akavua miwani.

"Kuta ni kazi ya mwashi, mzee."