Nyeupe ya Katikati

Ningemwambia hapana yule mwenye nyumba ya wageni, hata kwa kusingizia maumivu ya mgongo. Sikumwambia. Alisimama barazani kwangu hapa Rumonge, ameshika kaye ya mke wangu, daftari lake la kuchorea, akifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Muzee, hizi michoro ni za nani?"

"Za mama watoto."

"Iko na mukono muzuri. Lakini nyeusi tupu! Nikitundika hizi, wageni watauliza nani amekufa. Na hapa katikati hakumaliza. Weka rangi, muzee. Si wewe ulikuwa unapaka mitumbwi yote mpaka Magara?"

"Nitaweka," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesafiri kwenda Muhuta, kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Sikuona haja ya kumngoja.

Kuchora tulianza pamoja, baada ya muganga wa kituo cha afya kuniambia kwamba presha yangu inataka mtu anayejua kutulia. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulitandika mkeka, kila mmoja na kaye yake. Hatukuchora mtu wala nyumba. Tulirudia alama moja ndogo mpaka ijaze karatasi. Mimi sikuweza kukaa na kalamu moja. Nilijaribu biki ya rangi nne, kalamu za ncha laini, penseli za rangi za watoto wa shule, manjano ya jikoni niliyokoroga kwa maji, hata kahawa. Kurasa zangu zilikuwa na fujo kama soko. Yeye alikuwa na biki moja nyeusi. Alianzia pembeni, akipanga vimstari kama samaki wadogo wa ndagala walioanikwa, akizunguka polepole kuingia ndani, na alipofika katikati aliacha nafasi nyeupe, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kila ukurasa hivyo, mbele na nyuma. Nilidhani anachoka kabla ya kumaliza. Sikumwuliza hata siku moja.

Miaka yote ya ndoa yetu tumekuwa watu wa kugombana. Saa ile hatukugombana.

Basi, rangi. Kalamu zangu za ncha laini zilikuwa zimekauka, na mimi nilitaka rangi ya chungwa inayowaka. Jikoni palikuwa na chupa ya mawese mapya kutoka Kizuka. Nikachovya kijiti, nikajaribu kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Ikatoka nzuri, inang'aa. Mtu aliyefanya kazi ya rangi maisha yake yote angengoja mpaka kesho aone imekauka vipi. Mimi nilijiona ninajua. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejaza kila nyeupe ya kaye nzima, na nilikuwa ninapiga mluzi.

Kesho yake mafuta yalikuwa yametembea. Karatasi ilionyesha ng'ambo, mchoro wa mbele na wa nyuma ikalaliana, na wino wa biki uliyeyuka ndani ya mawese, vile vimstari vyake vikawa madoa ya zambarau. Nilinyunyiza unga wa muhogo ili ufyonze. Niliianika juani. Jua likazidisha.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja, akatazama ukurasa mmoja, akacheka. "Muzee, hii ni ya kufungia sambusa." Akaenda zake.

Mke wangu aliporudi nilimdanganya. Hili naona aibu kuliandika kuliko yote.

"Mvua iliingia kwa bati," nikamwambia.

Akaipeleka kaye puani. "Mvua gani hii inanukia mboga, muzee?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele, nilitamani apige. Aliweka kidole juu ya doa la katikati.

"Nani alikuambia hapa sikumaliza?"

"Ilikuwa nyeupe."

"Hapa ndipo nilikuwa ninapumuzika. Nyumba hii yote, na wewe na maneno yako, sikuwa na pahali pengine. Ungeuliza tu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Nilimnunulia kaye mpya na biki mbili nyeusi. Akasema murakoze, asante ile anayomwambia mtu wa dukani, akaviweka kabatini. Alasiri nilitandika mkeka, nikakaa. Alipita na ndoo. Alipita na ufagio. Baada ya juma moja akasema binti yetu anahitaji mtu wa kumsaidia na mtoto, akarudi Muhuta.

Kwa simu ananisalimu vizuri: amahoro, umekula, umemeza dawa. Nikimwuliza anarudi lini, anasema mtoto bado ni mchanga. Mtoto anatembea. Nilimwona mwenyewe nilipowatembelea, akikimbiza kuku uani. Siku hiyohiyo binti yangu aliniambia kwa sauti ya chini, bila nia mbaya, kwamba mama yake hajachora tena hata mstari mmoja.

Yule mwenye nyumba ya wageni simlaumu. Yeye aliomba tu. Mkono uliochovya mawese ni wangu, na mdomo uliosema mvua ni wangu. Nilitaka watu waingie kwenye nyumba yake, watazame ukutani, waulize ni nani aliyepaka rangi zile. Kwa ajili ya hilo mke wangu ameacha kuchora, na ameacha kuishi nami.