Tone la Kwanza

Darasani walimwita Shangazi. Jina lilianza kama utani siku ya kwanza, alipoingia na mkoba wake mkubwa wa bega, na binti mmoja wa kiti cha nyuma akainuka kumuuliza kwa adabu kama amekuja kumtafuta mwanawe. Alipovuta kiti na kutoa kalamu, darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka nao, na jina likaganda.

Hakuchukia. Alikuwa anakaribia miaka arobaini na alikuwa ameshona sare za shule tangu usichana wake. Huenda baadhi ya wale waliokuwa wakisoma naye uuguzi walikua ndani ya sketi na kaptura zilizopita mikononi mwake. Uuguzi ulikuwa hamu yake ya siku nyingi, akaifungia kabatini watoto walipokuwa wadogo, na alipopata nafasi chuoni aliuza cherehani bila kumsikiliza mtu. Mumewe alimwambia aiweke kwanza, aone mambo yatakavyokwenda. Yeye akajibu kwamba ikiwa nyumbani ataikimbilia kila masomo yatakapomwelemea. Kwa hiyo sasa hapakuwa na pa kurudi, na jambo hilo, ambalo zamani lilimpa nguvu, lilikuwa linamnyima usingizi.

Kilichomsumbua ni dripu.

Si hesabu zake. Kwenye karatasi hakuna aliyemshinda. Ukimwambia mtoto ameandikiwa miligramu mia moja na hamsini za dawa ya maji, na chupa ina mia moja ishirini na tano katika kila mililita tano, atakwambia mililita sita kabla hujafunika kalamu. Shida ilikuja kwenye mtihani wa vitendo. Pale mwanafunzi anapewa agizo la daktari, anapiga hesabu ya matone kwa dakika, kisha anasimama kwenye stendi kando ya kitanda cha mdoli na kuzungusha kile kigurudumu kinachobana mpira mpaka matone yadondoke kwa kasi aliyoiandika. Akiridhika anasema, "Tayari." Hapo mkufunzi anasogea na saa yake na kuhesabu dakika nzima, kimya, midomo imefungwa. Ikizidi au kupungua tone moja au mawili, anakuachia. Zaidi ya hapo, umeanguka.

Shangazi alikuwa ameanguka mara mbili. Mara zote mbili mkufunzi, mama mmoja mkavu wa maneno waliyemwita Mizani, alisema kitu kilekile: "Inachelewa, mama." Mara ya kwanza Shangazi aliilaumu mikono yake, maana ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Mara ya pili mikono ilitulia, akalaumu kigurudumu. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu asubuhi, na sheria ya chuo haikuwa na chenga: anayeanguka mara tatu jina lake linaondolewa.

Jumapili mchana, baada ya vyombo kuoshwa, mumewe alipigilia msumari juu ya fremu ya dirisha la sebuleni. Alikuwa fundi bomba, na nyumbani kwake mwenyewe mabomba yalivuja, jambo ambalo dada yake, aliyekuwa akiishi nao, hakuacha limpite bila kulisema. Wakatundika chupa ya maji kichwa chini, na kwenye chupa ule mpira wa dripu uliopitwa na muda ambao chuo kiligawa kwa mazoezi. Chini wakaweka ndoo. Matone yakaanza kudondoka katika kile kikombe kidogo cha plastiki kilicho juu ya mpira.

Wifi yake alikuwa jikoni anakata vitunguu, na ndiye aliyekuwa daktari wa siku hiyo. Alisoma maagizo kutoka kwenye karatasi kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Chupani zimebaki mililita mia sita, zote ziishe kwa saa tano. Mpira wako unatoa matone ishirini kwa kila mililita. Haya wifi, mgonjwa anakufa huyo."

"Arobaini kwa dakika," Shangazi akajibu. "Na usimwite maiti kabla sijamhudumia."

Akashika kigurudumu. Alifanya kama wanavyofanya wengi wodini, ambako hakuna mwenye nafasi ya kusimama dakika nzima kwenye kila kitanda: alihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne. Arobaini kwa dakika ni kumi kwa robo. Akakodolea macho saa yake ya kifuani, akabana, akalegeza, akabana tena kidogo. Moja, mbili, tatu. Kumi, na robo imekwisha. Akarudia, ikawa kumi. Akarudia mara ya tatu, kumi tena, safi kama mstari wa rula.

"Tayari," akasema.

Mumewe akatoa simu, akaweka saa, akainama mbele ya kikombe kama mtu anayechungulia tundu la funguo. Dakika ilipokwisha akasema thelathini na sita.

Shangazi akamwambia asimtanie leo. Mume akaapa kwamba hatanii. Wakarudia. Yeye akapata kumi kwa robo, mume akapata thelathini na sita kwa dakika. Wakabadilishana saa, kwa kuwa huenda moja ilikuwa mbovu, na majibu hayakubadilika. Kumi mara nne haijawahi kuwa thelathini na sita, hata kwa mlevi.

"Mmoja wenu hajui kuhesabu," wifi akasema kutoka jikoni, "na kaka yangu hesabu alikuwa anapata sifuri, kwa hiyo mimi nipo upande wako, wifi."

Mume hakucheka. Alikuwa amemwona mkewe anavyobana meno. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwambia wahesabu pamoja, kwa sauti, kwa saa moja ileile, robo dakika tu.

Wakasubiri. Mshale wa sekunde ulipofika juu kabisa, tone likadondoka palepale.

"Moja," akasema Shangazi.

Mume alinyamaza. Tone lililofuata ndilo lililomfungua kinywa. "Moja," akasema, huku mkewe akisema mbili. Wakaendelea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu wanaopanda ngazi wakipishana kidato. Robo ilipokwisha, Shangazi alikuwa kumi, mumewe tisa.

"Mbona hulihesabu la kwanza?" Shangazi akauliza. Sauti ilikuwa ya ugomvi.

"Nitalihesabuje? Lile limedondoka saa inaanza. Bado hakuna muda uliopita."

"Lakini limedondoka. Nimeliona."

"Limedondoka, ndiyo. Ila ni la kuanzia hilo, mke wangu. Ni kama mtu amesimama mlangoni. Hajatembea bado."

Shangazi akatazama mikono yake. Miaka yote ile ya sketi za marinda, alikuwa anakunja na kuhesabu, na rinda la kwanza ni moja. Lisipohesabiwa sketi inapungua, na mzazi anarudi dukani na maneno. Vidole vyake vilijua hivyo kuliko vilivyojua kitu kingine chochote. Lakini rinda ni kitu, unakishika. Hapa alikuwa anahesabu muda ulio kati ya tone na tone, na tone la kwanza halina kitu nyuma yake. Alikuwa anaongeza tone moja kila robo, kisha analizidisha kwa nne, kisha anabana mpira kulifidia. Wenzake walianza na tone la baada ya mshale kupita, bila hata kufikiri. Yeye, kwa uangalifu wake wote, alisubiri tone na mshale vikutane ndipo aanze.

Ungetegemea afurahi. Badala yake alikaa kwenye kochi. Alikuwa amemkumbuka sista wa wodi walikokwenda mazoezini. Kila Shangazi alipomaliza kuweka dripu, sista yule alipita nyuma yake, akasimama kidogo, akagusa kigurudumu, akaenda zake. Shangazi alidhani ni mazoea tu ya mkubwa wa kazi, kama fundi anayepitisha kiganja kwenye nguo iliyokwisha pigwa pasi. Kumbe alikuwa anarekebisha. Na siku ambazo sista hakuwa zamu? Maji ya saa tano yalikwenda kwa saa tano na nusu na zaidi, mwilini mwa mtu aliyekuwa anayahitaji, na yeye amesimama kando anatabasamu. Akamsimulia mumewe yote.

"Hakuna aliyedhurika," mumewe akasema.

"Hujui hilo. Hata mimi sijui."

Mume akaenda kumwaga ndoo. Shangazi akasimama tena mbele ya dirisha. Safari hii, mshale ulipokutana na tone, akalazimisha ulimi useme sifuri. Ilikuwa ngumu kutamka, kama kumwita mtu mzima kwa jina la utoto. Alirudia mpaka wifi akatoka jikoni na macho mekundu ya vitunguu, akaomba wale kwanza, maana hata daktari ana tumbo.

Jumatatu aliamka roho juu. Alijua kosa lake sasa, na hilo lilimwogopesha kuliko kutolijua, maana mtu akianguka huku anajua, atamlaumu nani? Korido ya chumba cha vitendo ilikuwa imejaa wanafunzi waliokaa sakafuni wakinong'ona hesabu kama watu wanaosali. Binti wa kiti cha nyuma alikuwa miongoni mwao. Naye alikuwa anarudia, mara ya pili, na alikuwa ametafuna kucha mpaka nyama.

Shangazi akaitwa. Mizani akampa karatasi: nusu lita, kwa saa sita. Akasoma pakiti ya mpira kabla ya kuandika chochote, matone ishirini kwa mililita, akapiga hesabu, akaandika ishirini na nane. Saba kwa robo. Akashika kigurudumu, macho kwenye saa. Mshale ukapanda, tone likadondoka.

"Sifuri," akanong'ona.

Saba. Lakini machoni pake matone yalikuwa yanakimbia. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia abane kidogo, kidogo tu, kama zamani. Kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kusogea. Akakizuia, akahesabu upya. Sifuri, moja, mbili. Saba.

"Tayari, mwalimu."

Mizani akasogea. Dakika ile ilikuwa ndefu. Shangazi alitazama uso wa mdoli, ambao mtu aliuchora nyusi kwa kalamu, moja juu kuliko nyingine, ukawa kama unamshangaa.

"Ishirini na tisa," Mizani akasema.

Mkono wa Shangazi ukaruka kwenda kwenye kigurudumu.

"Iache," Mizani akasema. "Toa mkono, mama. Umeshapita." Akaandika, kisha akamtazama juu ya miwani. "Ulikuwa unasema nini pale mwanzo?"

"Sifuri, mwalimu."

Mizani akafunga kalamu. Alionekana kama anayerudi nyuma kwenye zile mara mbili alizosema inachelewa, lakini hakuuliza zaidi. Alimwambia atoke na amwambie anayefuata aingie baada ya dakika tano.

Koridoni walimkimbilia wakimuuliza vipi, Shangazi, vipi. Aliitikia kwa kichwa. Anayefuata alikuwa binti wa kiti cha nyuma. Alikuwa ameshasimama, anajipangusa viganja kwenye sare. Aliyetoka haruhusiwi kusema ameulizwa nini, na Shangazi hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Lakini alisimama mbele yake.

"Sikuulizi ya mtihani," akasema. "Ukiwa unahesabu, tone likidondoka sawasawa na mshale, lile la kwanza kabisa, unaliita ngapi?"

Binti akamtazama kana kwamba ameulizwa jina la mama yake. "Si moja, Shangazi?"

Shangazi akashusha mkoba begani, akauweka chini.

"Kaa kidogo," akamwambia. "Tuna dakika tano."